Lee Chang-dong

Lee Chang-dong (kwa Kikorea: 이창동, amezaliwa mjini Daegu, 4 Julai 1954) ni mwongozaji wa filamu, mwandishi wa miswada ya filamu na mwandishi wa hadithi kutoka Korea Kusini. Kati ya mwaka 1997 na 2018 aliongoza filamu ndefu sita tu. Nne za mwisho zilishindanishwa katika matamasha ya Venice na Cannes. Mwaka 2003 hadi 2004 alikuwa Waziri wa Utamaduni na Utalii wa nchi yake.

Katika majina ya Kikorea jina la ukoo hutangulia. Kwa hiyo "Lee" ni ukoo wake na "Chang-dong" ni jina alilopewa. Ukoo wa Lee una watu wengi sana, wakiwemo waongozaji wengine, hivyo anayemtafuta aandike jina lote.

Nchini Tanzania Korea Kusini inafahamika kwa Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, kwa hospitali ya Mloganzila, na zaidi ya yote kwa tamthilia zake za televisheni kama Jumong. Filamu za Lee ni jambo jingine kabisa. Hazina wafalme wala mapanga, na mtu aliyezoea sizoni za Kikorea anaweza kuzitazama nusu saa nzima akisubiri "zianze". Makala hii inaeleza kazi hizo, na pia namna mtu aliye mbali na majumba ya sinema, kwa mfano Tunduma au Vwawa, anavyoweza kuzifuatilia na vikwazo atakavyokutana navyo.

Mwalimu na mwandishi

Lee alisoma lugha na fasihi ya Kikorea katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Kyungpook, Daegu, akahitimu mwaka 1981. Ujanani alishughulika sana na michezo ya jukwaani. Baada ya chuo alifundisha Kikorea katika shule ya sekondari, na mwaka 1983 akaanza kutambulika kama mwandishi wa hadithi. Baadhi ya hadithi zake fupi zilitoka kwa Kiingereza mwaka 2025 katika kitabu kiitwacho Snowy Day and Other Stories.

Miaka hiyo ya ualimu haitajwi sana na wanaoandika juu yake, lakini inaonekana katika filamu. Madarasa yake ni madarasa ya kweli. Mwalimu anarudia jambo lilelile mara tatu, mmoja anaandika kila neno, mwingine anatazama dirishani. Aliyewahi kushika chaki atamtambua mwenzake.

Aliingia kwenye filamu akiwa na karibu miaka 40. Alimsaidia mwongozaji Park Kwang-su kuandika To the Starry Island (1993) na A Single Spark (1995). Hiyo ya pili inamhusu Jeon Tae-il, mfanyakazi wa viwanda vya nguo aliyejichoma moto mwaka 1970 akidai sheria ya kazi iheshimiwe.

Filamu za mwanzo

Filamu yake ya kwanza, Green Fish, yaani samaki wa kijani (1997), inamhusu kijana anayerudi nyumbani kutoka jeshini na kukuta mashamba ya utotoni mwake yamegeuka maghorofa. Kwa kukosa kazi anaingia katika genge la wahuni. Kwa nje ni filamu ya majambazi. Kwa ndani ni habari ya familia iliyotawanywa na mji unaokua.

Ya pili ilifungua Tamasha la Filamu la Busan mwaka 1999 na kuanza kuonyeshwa sinema siku ya kwanza ya mwaka 2000. Kimataifa inaitwa Peppermint Candy. Kiswahili kina bahati hapa, kwa maana neno letu peremende limetokana na neno hilohilo la Kiingereza linalotaja pipi ya mnanaa, kwa hiyo jina Peremende linatosha bila kupunguza wala kuongeza kitu.

Inaanza na mwisho. Yong-ho, mwanamume wa makamo aliyefilisika, anasimama kwenye daraja la reli mbele ya treni inayokuja na kupiga kelele kwamba anataka kurudi. Ndipo filamu inarudi kweli, sura baada ya sura, saba kwa jumla, kutoka mwaka 1999 hadi 1979. Katikati ya sura tunaona reli kutoka kwenye treni, lakini picha inakwenda kinyumenyume: magari barabarani yanarudi nyuma na maua yaliyoanguka yanapanda mtini. Tunamwona Yong-ho akiwa mfanyabiashara, kabla ya hapo polisi anayetesa wanafunzi, kabla ya hapo askari kijana anayepelekwa Gwangju, na mwishoni kijana anayependa kupiga picha za maua. Msichana anayempenda anafanya kazi ya kufunga peremende kiwandani, na katika kila barua anamwekea moja.

Mtazamaji wa nje anahitaji kujua mambo mawili ili asipotee. La kwanza ni Gwangju, mji ambako Mei 1980 wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wakipinga utawala wa kijeshi. La pili ni mgogoro wa fedha wa mwaka 1997, uliofilisi makampuni mengi ya Korea na kuwaachisha kazi watu wengi. Filamu haielezi hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu Mkorea anavijua tangu utotoni.

Oasis (2002) inahusu mapenzi ya watu wawili ambao familia zao zinawaonea aibu. Jong-du ametoka gerezani, na Gong-ju ana mtindio wa ubongo. Baba yake Gong-ju ndiye aliyekufa katika ajali iliyompeleka Jong-du jela. Filamu si laini. Mwanzoni Jong-du anajaribu kumbaka, na mtazamaji hasaidiwi kulisahau tendo hilo. Pia inaonyesha jinsi ndugu wa Gong-ju wanavyoishi katika nyumba nzuri iliyotolewa kwa jina lake kama mlemavu huku yeye wakimwacha peke yake katika chumba chakavu. Huko Venice Lee alipata tuzo maalumu ya uongozaji, na mwigizaji Moon So-ri akapata tuzo ya Marcello Mastroianni inayotolewa kwa waigizaji wapya.

Mwaka uliofuata Rais Roh Moo-hyun alimteua kuwa waziri. Mjadala mkubwa wa wakati huo ulikuwa sheria iliyolazimisha kila jumba la sinema kuonyesha filamu za Kikorea siku 146 kwa mwaka, sheria ambayo Marekani iliipinga katika mazungumzo ya biashara. Lee aliondoka serikalini mwaka 2004, na mwaka 2006 siku hizo zikapunguzwa hadi 73.

Mwanga wa siri

Milyang ni jina la mji mdogo wa kusini mwa Korea, na kwa maandishi ya Kichina maana yake ni mwanga wa jua uliofichika. Ndiyo sababu filamu ya Lee ya mwaka 2007 inajulikana kimataifa kama Secret Sunshine. Imetokana na hadithi fupi ya Yi Cheong-jun.

Shin-ae, mwalimu wa piano aliyefiwa na mume, anahamia Milyang na mwanawe mdogo, Jun. Mtoto anatekwa na kuuawa. Katika uchungu wake Shin-ae anaokoka, anapata amani, na anaamua kwenda gerezani kumsamehe muuaji uso kwa uso. Huko anamkuta mfungwa ametulia, amenawiri, naye anamwambia kwamba Mungu amekwisha kumsamehe. Shin-ae anatoka nje na kuzimia. Swali linalomtesa halijibiwi: nani ana haki ya kusamehe kabla ya aliyekosewa?

Kwa mtazamaji wa Songwe, mkoa wenye makanisa mengi, ya Moravian, ya Kikatoliki na ya kilokole, hakuna kitu kigeni katika mikutano ya injili ya uwanjani, vipaza sauti, ushuhuda na akina mama wanaokwenda kumfariji mfiwa. Wapo waliosema filamu hii inadharau dini. Si hivyo. Waumini wanaonyeshwa kama watu wema waliokuja na dawa mapema mno, kabla jeraha halijafunguliwa. Jeon Do-yeon alipata tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kike huko Cannes kwa kazi hii. Song Kang-ho, ambaye wengi watamkumbuka kutoka filamu ya Parasite, ni fundi gari anayemfuata Shin-ae kila mahali bila kuambulia chochote, naye ndiye anayeifanya filamu ivumilike.

Ushairi

Filamu ya mwaka 2010, kwa Kikorea Shi, maana yake ushairi, ndiyo inayofaa kutazamwa kwanza na msomaji wa Kiswahili, na ndiyo inayostahili maelezo marefu.

Mija ana umri wa miaka 66. Analea mjukuu wake wa kiume aliyeko sekondari, anapata kipato kwa kumhudumia mzee aliyepooza, na ameanza kusahau majina ya vitu. Daktari anamwambia ni ugonjwa wa Alzheimer. Wakati huohuo anajiandikisha katika darasa la ushairi la watu wazima. Mwalimu wa darasa hilo, anayeigizwa na mshairi halisi Kim Yong-taek, anawaonyesha wanafunzi tofaa na kuwauliza wameliona mara ngapi maishani. Wanasema mara nyingi sana. Anawaambia hawajaliona hata mara moja, maana kuona ni kukaa na kitu mpaka kikuambie jambo. Kila mwanafunzi atapaswa kuandika shairi moja kabla darasa halijaisha.

Kisha Mija anaitwa na baba mmoja kwenye mkutano wa wazazi. Msichana wa shule amejitupa mtoni. Wavulana sita walikuwa wakimbaka kwa miezi, na mjukuu wa Mija ni mmoja wao. Akina baba wamekwisha kupanga: kila familia itoe won milioni 5, jumla milioni 30, apewe mama wa marehemu ili jambo lisifike polisi wala magazetini. Shule nayo inataka liishe kimya. Wanazungumza kwa adabu, wakiwa mezani, wakijali sana mustakabali wa watoto wao. Jina la msichana halitajwi.

Mkutano huo hauhitaji tafsiri Afrika Mashariki. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inayotoa kifungo cha miaka 30 kwa kosa la kubaka, na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Hata hivyo "kuyamaliza kifamilia" bado ni msemo unaosikika ofisini kwa mwalimu mkuu. Kesi hufa kwa sababu shahidi hakufika mahakamani, na shahidi hakufika kwa sababu wazazi walikwisha kukaa. Lee hakutunga jambo la Kikorea pekee. Alichofanya ni kuweka kamera mezani na kuiacha pale.

Akina baba wanamtuma Mija kwa mama wa msichana, wakiamini mwanamke mzee atamlainisha. Anakwenda shambani kwake. Njiani anaokota aprikoti zilizoanguka, anaandika neno kwenye daftari lake. Anamkuta mama yule, wanaongea vizuri juu ya matunda na hali ya hewa, anaaga. Ameshatembea hatua kadhaa ndipo uso wake unapobadilika: amesahau kilichomleta. Hakuna muziki, wala mtu anayetuambia kilichotokea. Ni lazima mtazamaji auone uso huo mwenyewe, na asipouona amekosa nusu ya filamu.

Mwishoni shairi linaandikwa. Linasomwa kwanza kwa sauti ya Mija, kisha kwa sauti ya msichana aliyekufa, ambaye kwa mara ya kwanza tunamsikia. Yoon Jeong-hee, aliyeigiza Mija, alikuwa nyota mkubwa wa filamu za Korea miaka ya 1960 na 1970, na alikuwa hajaigiza tangu 1994. Baadaye yeye mwenyewe aliugua Alzheimer, akafariki mwaka 2023. Filamu ilipata tuzo ya mswada bora huko Cannes.

Burning na safari ya Nairobi

Burning, yaani kuungua (2018), imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Kijapani Haruki Murakami. Jong-su ni kijana maskini anayetaka kuwa mwandishi. Anaishi Paju, karibu kabisa na mpaka wa Korea Kaskazini, ambako vipaza sauti vya propaganda vinasikika kutoka upande wa pili. Anakutana na Hae-mi, msichana wa kijijini kwao, wanapendana, kisha Hae-mi anasafiri kwenda Afrika. Anarudi na Ben, kijana tajiri asiyefanya kazi inayojulikana. Walikutana katika uwanja wa ndege wa Nairobi walipokwama siku tatu. Ben anakiri kwamba ana mchezo wa kuchoma mabanda ya plastiki ya wakulima. Muda si mrefu Hae-mi anatoweka.

Hiyo ndiyo filamu pekee ya Lee inayotutaja. Afrika yenyewe haionekani, inasimuliwa tu. Hae-mi anaeleza alivyowaona watu wa jangwa la Kalahari wakicheza ngoma ya njaa ndogo, ambayo ni njaa ya tumbo, na njaa kubwa, ambayo ni njaa ya kutaka kujua maana ya kuishi, naye anaicheza mbele ya wenyeji wake mijini. Mtu wa jiografia atatikisa kichwa kidogo. Kalahari iko Botswana, Namibia na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Nairobi. Kama alitaka kuwaona wawindaji wenye lugha za vidoko karibu na Nairobi, angekwenda kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Lakini ukungu huo umekusudiwa. Rafiki zake Ben wanamtazama Hae-mi akicheza kama watu wanaotazama kitu cha kuchekesha, na Ben anapiga miayo. Hawamwoni yeye kama vile yeye alivyokuwa hawaoni wale aliokwenda kuwatembelea.

Burning ilipata tuzo ya wahakiki wa filamu huko Cannes na ikawa filamu ya kwanza ya Korea Kusini kuingia orodha fupi ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Haikuingia hatua ya mwisho.

Kumfuatilia kutoka Tanzania

Filamu za nje humfikia Mtanzania wa kawaida kwa njia tatu: televisheni, kibanda umiza, na duka la kurushia filamu kwenye flashi au simu. Tunduma ni mfano mzuri wa njia hii ya tatu. Mji huu wa mpakani uko Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lusaka na reli ya TAZARA zinapita hapo kuingia Nakonde, Zambia, na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka wana muda mwingi na simu mkononi. Katika maduka ya aina hiyo filamu hugawanywa kwa makundi yanayojulikana na kila kijana: sizoni na singo, za mapigano na za mapenzi, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa. Lee hana kundi. Singo yake ni ndefu (Burning ina dakika 148, Ushairi 139), si ya mapigano, na hakuna dijei aliyeitafutia wateja. Ifahamike pia kuwa kunakili filamu bila idhini ya mwenyewe ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Neno "zilizotafsiriwa" linahitaji maelezo. Tangu zama za kanda za video, Afrika Mashariki imekuwa na wasimulizi wanaoongea juu ya filamu ya kigeni wakiwasemea wahusika wote, wakieleza, wakitania na kuongeza chumvi. Lufufu alivuma kwa kazi hiyo Tanzania, DJ Afro anajulikana Kenya, na VJ Jingo anaifanya kwa Kiganda huko Uganda. Wasomi wengine huwadharau. Ni kosa, kwa sababu bila wao mamilioni ya watu wasingefuata filamu yoyote ya nje, na usimulizi wao ni sanaa yenye mizizi katika hadithi za jioni.

Lakini sanaa hiyo ina kanuni moja: msimulizi hanyamazi. Kimya kikizidi, wateja wanalalamika. Filamu za Lee zimejengwa juu ya kimya. Mija anapogundua amesahau, dijei angelazimika kusema, "Hapa bibi ndo anakumbuka kwamba…", na kwa kusema hivyo angekuwa amemnyang'anya mtazamaji kazi aliyoachiwa na mwongozaji. Katika Burning hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa hatuambiwi kamwe kama Ben ni muuaji au ni tajiri mpuuzi tu. Msimulizi mzuri angetaka kuamua, na filamu ingeisha hapo.

Njia inayobaki ni maandishi ya chini, na kwa kawaida ni ya Kiingereza. Hapo ndipo mshabiki wengi wanapokatiwa njia, maana kusoma Kiingereza kinachopita kwa sekunde tatu si sawa na kufaulu mtihani wa kidato cha nne. Na Kiingereza chenyewe kinapoteza mengi. Kikorea kina ngazi za heshima: kitenzi hubadilika kulingana na anayeambiwa, na mtu akishuka ngazi katikati ya mazungumzo ni kama mtu kukataa kuamkia. Wakorea pia hawamwiti mkubwa kwa jina tupu, humwita kaka, dada au shangazi, na mama huitwa kwa jina la mtoto wake, kama sisi tunavyosema Mama Juma. Maandishi ya Kiingereza hugeuza yote hayo kuwa jina la kwanza na neno moja la "wewe". Fikiria Milyang kwa Kiswahili. Majirani wangemwita Shin-ae "Mama Jun", na baada ya mtoto kuuawa jina hilo lingekuwa kisu kila linapotamkwa. Kiswahili kingeweza kuibeba filamu hii vizuri kuliko Kiingereza, kwa maandishi ya chini yaliyoandaliwa kwa utulivu. Kazi ya namna hiyo haihitaji mtambo mkubwa. Faili la maandishi ya filamu ni maandishi ya kawaida yenye saa na dakika, na huandikwa kwa kompyuta yoyote. Kinachohitajika ni mtu anayejua lugha zote mbili na ruhusa ya mwenye filamu.

Kwa anayeanza, mpangilio wa miaka si mwongozo mzuri. Ushairi kwanza, kisha Milyang, kisha Peremende baada ya kusoma kidogo juu ya Gwangju. Oasis iachwe mpaka mtazamaji amemzoea mwongozaji, na isitazamwe sebuleni pamoja na watoto. Burning huwavutia vijana kwa sababu ina fumbo. Tahadhari moja ni ya majina. Filamu ileile hupatikana kwa jina la Kikorea, kama Milyang, Shi au Beoning, au kwa jina la Kiingereza, kwa hiyo ni vizuri kuyajua yote mawili.

Netflix ilifungua huduma zake Afrika Januari 2016, na filamu zilizomo hubadilika kulingana na nchi na mwezi. Njia ya bure na ya halali kwa anayetaka kujua Korea aliyokulia Lee ni chaneli ya YouTube ya Hifadhi ya Filamu ya Korea. Imeweka filamu nyingi za zamani zenye maandishi ya Kiingereza, na gharama yake ni bando tu. Ukiziangalia za miaka ya 1960 utamwona Yoon Jeong-hee akiwa kijana, na uso wa Mija utakuwa na historia.

Kazi nyingine

Lee amefundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Sanaa cha Korea, na mwaka 2009 alikuwa mmoja wa waamuzi wa Cannes. Kama mtayarishaji amewasaidia waongozaji wapya, akiwemo July Jung, aliyetengeneza A Girl at My Door (2014). Mwaka 2022 alitoa filamu fupi, Heartbeat, akiwa na Jeon Do-yeon, na mwaka huohuo Mfaransa Alain Mazars akatoa filamu ya kumbukumbu juu ya kazi zake.

Mashabiki wake wamezoea kungoja. Kati ya Ushairi na Burning ilipita miaka minane. Mwaka 2025 Netflix ilitangaza filamu yake ya saba, Possible Love, ambamo Jeon Do-yeon wa Milyang na Sul Kyung-gu, aliyekuwa Yong-ho kwenye daraja la reli, wanaigiza pamoja. Kwa kuwa imetengenezwa na kampuni ya mtandaoni, mtazamaji wa Tunduma ataipata kwa njia ileile atakayoipata wa Seoul, isipokuwa lugha ya maandishi.